Kahawa ya Bibi Reuter

Kosa la Daktari Traugott Kunath, kama ni kosa, lilikuwa kutengeneza dawa zake mwenyewe. Katika mji ule wa Saksonia, huko Ujerumani, kazi hiyo ilikuwa ya Bwana Pohle, muuza dawa, na Pohle hakuwa mtu wa kutiliwa mchanga kitumbua chake akanyamaza.

"Homeopathi!" alikuwa akiibeza tiba hiyo ya Kunath. "Tone moja kwenye pipa la maji, kisha unagonga kichupa juu ya jalada la Biblia kama fundi viatu!"

Rosine, mke wa daktari, aliyasikia hayo sokoni, akabeba kabichi zake na kupita kichwa juu. Yeye ndiye aliyemwona mumewe akiijaribu kila dawa mwilini mwake kwanza, akitetemeka na kutapika, kabla ya kumpa mtu. Daktari gani mwingine mjini aliwahi hata kuiramba dawa yake?

Basi Bibi Reuter, mama yake meya, akashikwa na homa ya mapafu. Madaktari wawili wakamtoa damu, wakamtoa tena, wakambandika na ruba, mpaka bibi wa watu akawa mweupe kama shuka lake. Walipotaka kurudia, meya akamwita Kunath. Baraza la mji likaweka sharti mbele ya kadamnasi: kwa dawa zake bibi akipona, Kunath abaki, akifa, afungashe virago yeye na mkewe.

Kunath akawatoa nje madaktari na visu vyao. Dirisha likafunguliwa, supu ikaletwa, matone yakaanza. Akatoa amri moja tu.

"Kahawa marufuku. Kahawa inaziua dawa zangu."

Lo! Kumkataza Msaksonia kahawa! Afadhali umkataze kupumua.

Homa ikashuka. Bibi Reuter akaanza kuwagombeza wajakazi, na nyumba nzima ikajua kwamba amepona.

Siku ya baraza, Pohle akaingia na birika mkononi, meno yote nje.

"Limetoka chini ya kitanda cha mgonjwa. Mjakazi amesema: bibi amekunywa kahawa kila asubuhi, tangu siku ya kwanza. Haya, Bwana Daktari! Kwa maneno yako mwenyewe, dawa zako zilikufa. Sasa nani kamponya?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Rosine akamkazia macho mumewe. Sema mjakazi ni mwongo, mume wangu, aliomba moyoni. Neno moja tu, na nyumba yetu inabaki yetu.

Kunath akalinusa birika.

"Ni kahawa kweli, tena nzuri," akasema. "Basi siwezi kuapa kwamba dawa yangu ndiyo iliyomponya. Sijui. Ninachojua ni kwamba sikumtoa damu."

"Mmemsikia! Kakiri mwenyewe!"

"Funga domo, Pohle!"

Bibi Reuter alikuwa amesimama mlangoni, anatweta, fimbo mkononi. "Marehemu mama yako alikuwa na adabu, sijui wewe uliiokota wapi tabia hii." Akaja mpaka mbele ya mwanawe, akapandisha mikono ya gauni. Makovu ya visu yalijaa kuanzia kiwiko hadi kiganja. "Tazama, mwanangu. Kila aliyeingia chumbani kwangu alitoka na bakuli la damu yangu. Huyu peke yake aliniachia. Na humu ndani leo, huyu peke yake amethubutu kusema hajui. Ukimfukuza, nifungie na mimi virago."

Meya akamtazama mama yake, akalitazama baraza, akakohoa.

"Daktari Kunath anabaki," akasema, "na chupa zake."

Machozi yalimtoka Rosine na hakuyafuta. Fahari ilimjaa kifua kizima, na si kwa sababu ya nyumba. Akamshika mumewe mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo hakulithubutu hata siku ya harusi yao, wakakata katikati ya soko. Walipofika mbele ya duka la Pohle, akapunguza mwendo makusudi.