Kilengeo cha Mita Mia

Siku ya tisa baada ya Halfani kuzikwa, Gaudence alikaa kwenye kiti cha marehemu akiwa na nia moja tu: kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa mwizi.

Kiti hicho kilikuwa mbele ya kompyuta namba sita, katika duka la intaneti la Zaidi, mtaa wa Uhindini. Huo ulikuwa mwaka elfu mbili na nne, Dodoma ikijaa mitumba ya kila aina, nguo, friji, magari, na Zaidi naye alikuwa ameleta kompyuta zake kumi kutoka Dubai. Asubuhi watu walikuja kuchapa barua za kuomba kazi. Jioni, ofisi zikishafungwa, Zaidi aliziunganisha kompyuta kwa nyaya, vijana kumi wakagawana watano kwa watano, wakaingia vitani.

Haukuwa mchezo wa kukimbia na kumwaga risasi ovyo. Humo risasi ilikuwa na uzito. Upepo uliisukuma, umbali uliichosha, na aliyepigwa mara moja alikuwa amekufa. Alibaki kutazama skrini nyeusi mpaka raundi iishe.

Halfani ndiye aliyewafundisha. Alikuwa mchora ramani katika ofisi moja ya serikali, mtu wa pembe na vipimo, mpole wa sauti. Wenzake walipolalamika mwanzoni kwamba bunduki za mchezo ni mbovu, alichukua kifutio mfukoni akamrushia Optatus, karani wa Bungeni.

"Nimekilenga kifuani kwako. Kimefika wapi?"

"Gotini. Mkono wako wa ofisini huo."

"Risasi nayo ni hivyo hivyo. Inaanza kuanguka palepale inapotoka mdomoni mwa bunduki. Ukiseti kilengeo mita mia nne, hujainyoosha risasi. Umeinua mdomo wa bunduki kidogo, risasi ipande kwanza, ishukie huko mbali. Adui akiwa karibu itampita juu ya bega. Na ukiseti mita mia wakati adui yuko mia nne, utaua mchanga."

Kila mchezaji alikuwa na jina lake katika kompyuta aliyoizoea, na chini ya jina hilo mashine ilihifadhi jinsi alivyoiseti bunduki yake. Kundi la Halfani lilimpa kazi ya ulengaji. Kazi hiyo ilikuwa na mahali pake: kilima kilicho mita mia nne kutoka kijiji cha mchezo. Kila mtu aliamini yuko huko, anawachuma watu mmoja mmoja kama zabibu kichalani.

Gaudence alikuwa katika kundi la pili. Fundi redio, umri miaka ishirini na sita, Mgogo wa Ihumwa, kijana aliyejua kulenga na kujua kwamba anajua. Kwa wiki mbili Halfani alimuua kila jioni nyuma ya kichaka kilekile, na kichaka hicho hakionekani kutoka kilimani. Gaudence alikipanda kilima mwenyewe akahakikisha. Zilikuwepo programu za kumwezesha mtu kuona kupitia ukuta. Habari zake zilikuwa zimeshafika Dodoma. Shaka ikaota moyoni mwake, naye akaimwagilia maji.

Jumanne moja aliingia dukani, jua la jioni likiwa mgongoni kwake. Halfani aligeuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema, kwa heshima kamili, kama mtu aliyekutana na babu yake.

Duka zima likacheka. Halfani alimzidi Gaudence miaka mitatu.

"Marahaba, mjukuu wangu," Optatus akajibu kwa niaba yake. "Babu jana kafa mara saba. Mpishe akae."

Gaudence hakucheka. "Unanidhihaki?"

"Gaudence? Kumbe ni wewe? Samahani, nilidhani..."

"Ulidhani nani?"

Halfani alirudisha uso kwenye kompyuta yake.

"Basi leo nasema mbele ya watu. Wewe ni mwizi. Hushindi, unaiba. Kama sivyo, tueleze unanionaje nyuma ya kile kichaka."

Halfani aligeuka tena kitini. Aliwatazama wote mmoja mmoja, au ndivyo ilivyoonekana. "Siwezi kukueleza hapa," akasema.

"Mmesikia wenyewe."

Wote wawili waliishi Ihumwa, nje ya Dodoma, na miezi yote ya mchezo walirudi nyumbani pamoja kwa baiskeli, Gaudence mbele, Halfani nyuma yake. Halfani ndiye aliyetaka iwe hivyo. "Tangulia," alikuwa akisema, "mimi mtu wa kufuata." Baada ya maneno ya Jumanne, Gaudence alianza kuondoka mapema peke yake. Jumatano Halfani alirudi peke yake. Alhamisi vilevile. Ijumaa, jua ndiyo kwanza linazama na barabara ingali nyeupe kwa mwanga, lori lilikuwa limeharibika kabla ya kufika Ihumwa. Dereva alikuwa amepanga matawi mabichi barabarani hatua hamsini nyuma ya lori, kama desturi. Halfani aliyapita matawi akaliingia lori kwa kifua.

Msibani watu walisoma dua na kula pilau. Njiani walisema mengine. Mtu mwenye akili timamu anaparamiaje lori zima, mchana wa watu? Ijumaa ile ilikuwa siku ya mshahara, wakasema, na kijana hakuwa na mke wa kumwahi. Neno pombe hakuna aliyelitamka kwa sauti kubwa, lakini lilifika kila nyumba. Gaudence alilisikia, na alijua vizuri kwamba Halfani hajawahi kuonja hata togwa iliyochacha. Hakulijibu. Moyoni alijiambia kwamba mtu akishaweza kuwa mwizi hashindwi kuwa mlevi.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye kiti cha marehemu. Zaidi alikuwa anataka kuisafisha kompyuta namba sita, afute kila kitu.

"Nipe nusu saa, kaka Zaidi. Hiyo programu yake imo humu."

"Maiti haishtakiwi," Zaidi akasema, lakini akampisha.

Gaudence alitafuta kila pembe. Hakukuwa na programu yoyote. Akaingia mchezoni kwa jina la Halfani, na jambo la kwanza kumshangaza lilikuwa picha: ilikuwa imekuzwa mpaka kila kitu kikawa na kingo zenye vidaraja kama ngazi, mwanga umepandishwa hadi mwisho, macho yakamuuma. Akapanda kilima. Akalenga pipa lililo kijijini, akafyatua. Vumbi likatimka mbali kabla ya pipa. Akalenga juu kidogo. Vumbi tena.

"Babu, unaua mchanga," Optatus akasema nyuma yake.

Gaudence akafungua ukurasa wa bunduki. Kilengeo kilikuwa kimesetiwa mita mia.

"Amesahau kubadilisha," Optatus akasema.

"Halfani asahau kilengeo? Huyu aliyetufundisha? Tazama tarehe. Hii imewekwa mwezi wa nne, haijaguswa mpaka leo."

Akakaa kimya, kisha akashuka kilima ndani ya mchezo, polepole, akitafuta ni wapi kichaka chake kilipoonekana. Nyuma ya kijiji kulikuwa na korongo kavu ambalo hakuna aliyelijali. Akatambaa humo kwa tumbo kwa dakika tisa, na lilipoishia, kichaka kilikuwa mbele yake, kikubwa, wazi. Akakisia. Mita themanini, labda tisini.

Kumbe Halfani hakuwahi kukaa kilimani. Wenzake walipokuwa wakifyatuliana na kutambiana, yeye alitambaa raundi nzima peke yake, akijiweka mbele ya bunduki za adui, mpaka afike mahali anapoweza kupiga. Kwa nini mlengaji aache kilima na kujiponza hivyo?

"Hakuwa anaona," Gaudence akasema.

"Nini?"

"Kutoka kilimani. Hakuwa anaona. Kaka Zaidi, hapa alikuwa akisalimia vipi?"

"Siku za mwisho? Shikamoo kwa kila anayesimama mlangoni. Alimpa hata Anitha, msichana anayeniletea chai. Sisi tukasema mwenzetu kapata utani mpya."

"Na miwani?" Gaudence akauliza. "Angeshindwa nini kuvaa miwani?"

Optatus hakuwa na mzaha tena. "Ofisini kwao kuna orodha ya kupunguza watu. Ungekuwa wewe mchora ramani ungekwenda kazini na miwani?"

Gaudence aliweka mikono mapajani, akaitazama. Tangulia, mimi mtu wa kufuata. Miezi yote ile alidhani ni unyenyekevu wa mkubwa kwa mdogo, na alikuwa ameufurahia. Alikuwa macho ya mtu bila kujua, akayaondoa kwa hasira ya siku moja.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikwenda kwa Bi Joha, mama yake Halfani, mjane aliyehamia Ihumwa kutoka Kondoa zamani. Alimkuta uani peke yake akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa. Siku nyingi hujapita."

Alikaa, na kwa kuwa alijua akianza kuzunguka hatafika, alisema yote kwa mpigo: mchezo, kilengeo, korongo, neno la wizi alilolitoa, siku tatu alizomwacha mwenzake barabarani. Bi Joha aliendelea kupepeta mpaka aliposikia habari ya macho. Ungo ukatua.

"Rudia hapo."

"Macho yake, mama. Hakuliona lori wala matawi. Hakuwa amelewa."

Kuku walikuja wakadonoa ungoni, Bi Joha hakuwafukuza.

"Walipomleta," akasema, "kabla hajaoshwa, niliwaambia watu watoke. Walidhani nataka kulia. Nilimnusa mdomo. Mimi niliyemzaa. Nikasikia harufu ya damu tu, na bado sikuamini pua yangu, kwa sababu ya maneno yao. Sasa hata kwenye shughuli za wanawake siendi. Nikienda, najua wanachoacha kusema ninapoketi."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimsamehe nani? Nimemnusa mwanangu." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Hayo uliyoniambia, umeyasema huko mlikocheza?"

"Wawili wanajua."

"Wawili. Mwizi ulimwita mbele ya wangapi?"

"Duka zima."

"Na pombe imesemwa mji mzima wa Ihumwa. Samahani utakayonipa mimi hapa uani, mimi na wewe na kuku, itamfaa nini Halfani? Ijumaa watu wakitoka kuswali, simama uwaambie. Jina lako utaje, na ulilolifanya ulitaje."

Yeye Mkristo, fundi, mtu ambaye hata baba yake mzazi hajawahi kumwona akiinamisha uso, asimame mbele ya msikiti ajiumbue. Alitafuta sababu, na kila aliyoipata ilikuwa ndogo mbele ya mama yule.

"Nitasema," akajibu.

Ijumaa alisimama nje ya lango la msikiti, viatu vimemjaa vumbi, na watu walipotoka akaomba wamsikilize. Aliposema "mimi ndiye niliyemwita mwizi," wengine walianza kuondoka wakidhani ni ugomvi wa vijana. Aliposema "hakuwa mlevi," wakarudi.

"Umejuaje?" akauliza mzee Hasani, muuza mkaa, ambaye maneno ya pombe yalipitia sana kibarazani kwake. "Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ningekuwepo angekuwa hai."

"Basi umejuaje?"

Ikambidi aeleze. Aliokota kokoto akairusha, wazee wakaitazama ikianguka. Akawaeleza kwamba risasi huanguka vivyo hivyo, kwamba mtu huiseti bunduki kwa umbali anaouona, na kwamba Halfani, tangu mwezi wa nne, hakuwa ameseti zaidi ya mita mia. Maelezo yalikuwa marefu na ya ajabu kwa watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta. Hakuna aliyemkatiza. Mzee Hasani alimtaka arushe tena kokoto, akapima kwa macho ilipoangukia, kisha akavua kofia yake, akaishika mkononi.

"Mita mia," akasema. "Na sisi wenye macho."

Hakuna aliyempa Gaudence mkono, wala hakuungoja. Aliichukua baiskeli yake akaondoka.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi nyumba ya nne kutoka kwa Bi Joha. Asubuhi mapema wanawake walikuwa uani wakimenya viazi. Bi Joha aliingia na kisu chake kutoka nyumbani. Maneno yalikatika kidogo. Kisha Zipora, mke wa mwenye shughuli, akasogea mkekani kumwachia nafasi, akamsukumia beseni, na Bi Joha akaketi, akachukua kiazi, akaanza kumenya.