Aliyeshika Kamba Chini ya Mkuyu

Mtaani walimwita Wakili, ingawa mahakamani hajawahi kukanyaga. Ni kwa vile alivyoutetea mkuyu. Mti ule ulikuwepo kabla ya nyumba zote za mtaa. Mizizi imepita chini ya kuta, matawi yamefunika mapaa. Manispaa walipotaka kuuangusha, mama huyu aliwasumbua mpaka wakachoka. Haya, wakasema, likatwe lile tawi kavu linaloning'inia juu ya barabara, na iwe kabla ya jioni ya leo. La sivyo, kesho mashine inakuja na mti wote unakwenda.

Wa kupanda alikuwa mwanawe wa pekee, mkata matawi kama marehemu baba yake. Wa kushika kamba ilibidi awe mama mwenyewe, maana msaidizi wa mwanawe aliamka na homa. Kamba ilitoka kiunoni mwa mwanawe, ikapita juu ya tawi nene, ikashuka hadi mikononi mwa mama. Akiteleza, cha kumwokoa ni tawi hilo na mikono hiyo tu. Jirani yao, fundi saa, alimtania kutoka mlangoni kwamba leo Wakili kamfunga mteja asimkimbie. Mama hakucheka.

Msumeno ukaanza. Unga laini ukamwangukia begani, akaupangusa. Ukaanguka tena, akautazama. Ulikuwa wa kahawia, una unyevu, na sisimizi ndani. Unga wa tawi kavu ungekuwa mweupe, tena ungeangukia barabarani, si hapa. Akainua macho taratibu. Tawi lililobeba kamba lilikuwa limeoza ndani.

Mumewe alikuwa na sharti moja kazini: aliye juu haitwi. Ukimwita atageuka, na akigeuka ndiyo basi tena. Unavuta kamba mara moja, naye anajua asimame. Akavuta, kidogo tu. Mwanawe akadhani kamba imenasa, akaitikisa kwa nguvu aikwamue. Unga ukamwagika kama mtu anapepeta. Kule juu kukasikika mlio mdogo, mfano wa goti la mzee anayeinuka.

Mama akivuta tena, mwanawe atatikisa tena. Akangoja msumeno unyamaze, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi mezani:

"Baba, usiguse kamba. Tawi lililoibeba limeoza. Kumbatia shina."

Kisha mikono ya mwanawe ikazunguka shina, polepole, kama alivyokuwa akimshika mama mguu siku za kujifunza kusimama.

"Nimelishika, mama."

"Sasa shuka."

"Nikishuka, kesho wanauangusha."

"Wauangushe. Shuka, nakuomba."

Fundi saa akamkodolea macho Wakili wake. Kijana alimwambia mama asogee pembeni, kisha akaifungua kamba kiunoni ili aipitishe upya pale shina linapogawanyika. Kwa muda huo kamba ya mama haikuwa na mtu. Aliishika vivyo hivyo, akaibana, macho kayafumba, akimwomba Mungu maneno yasiyo na mpangilio.

Ikakazika tena; mwanawe alikuwa amejifunga. Msumeno ukalia. Tawi kavu likaanguka barabarani kwa kishindo, mti ukatikisika, na lile bovu likafuata, likajipasua pale pale mama alipokuwa amesimama kabla ya kusogea.

Bwana wa manispaa aliyekuja jioni kukagua akatazama, akasema mti ubaki. Watu wakapiga makofi. Kijana alipotua chini alikuta vidole vya mama yake vimekataa kufunguka. Akavibandua kimoja kimoja.

Fundi saa akakumbusha kwamba hata upande wa pili utahitaji kupunguzwa mwakani.

"Mwakani," mama akasema, "mtafute mtoto wa mama mwingine."

Watu wakacheka. Yeye mkono wa mwanawe hakuuachia mpaka walipoingia ndani.