Koti la Mashini

Papa Luc alikuwa ameshaanza kukunja waya.

"Dada Jeannette, tusijidanganye. Carte graphique ya hii laptop iko faible, haiwezi kubeba casque. Saa sita Floribert anakuja na moto yake, atanipeleka Kingi. Kule iko ordinateur ya nguvu."

Pikipiki saa sita! Na sasa ilikuwa saa nne na nusu. Jeannette, muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha afya juu ya Kashuga, alimtazama fundi huyu aliyetoka Goma na casque ya kufundishia wakunga kama mtu anayeondoka na sufuria kabla ugali haujaiva.

Casque ni ile kofia ya macho. Ukiivaa, kuta za kituo zinapotea, unajikuta chumba cha kuzalisha, mama amelala mbele yako, mtoto anatanguliza matako, na mikono yako ndiyo inayongojewa. Ila picha zenyewe zinatengenezwa na laptop na kupita kwenye waya. Asubuhi ile wakunga wawili walivaa. Wote waliona vizuri dakika tano, kisha picha zikaanza kukwama na kuruka, mama akawa vipande vipande, nao wakakimbilia nje kutapika.

Jeannette hakuweza kukubali casque iondoke. Mwaka jana mtoto wa Murekatete alikuja hivyo hivyo, matako mbele, wakati yeye yuko Sake kwenye mkutano wa chanjo. Mkunga mzee, Mama Geneviève, alikuwa peke yake. Aliogopa, akavuta, na mtoto wa namna hiyo havutwi, anangojewa. Mtoto hakulia kamwe. Tangu siku ile Geneviève hakumgusa tena mama wa uzazi. Alikuwa akifagia kituo, na akikaa anafuma. Na sasa Murekatete alikuwa pale pale kwenye benchi la mlangoni, na mimba nyingine ya miezi saba.

Jeannette alichukua karatasi iliyokuja na casque, akasoma jina la kadi ya picha inayotakiwa. Akafungua laptop, akasoma jina la iliyomo. Yalifanana hadi herufi ya mwisho.

"Papa Luc, karatasi inasema iko sawa."

"Karatasi ni karatasi. Si umeona watu wanatapika?"

"Nimeona dakika tano za muzuri. Carte yenye kuwa faible ingekatala tangu mwanzo."

Luc akainua mabega. Jeannette alisimama mikono kiunoni, amekasirika, akafikiria kwa namna anayoijua. Mgonjwa aliyeingia akiongea vizuri, baada ya dakika tano anatetemeka: unaanza na nini? Unapima homa. Akachukua thermoflash, ile bastola ya kupima joto iliyobaki kituoni tangu siku za Ebola, akailenga ubavuni mwa laptop. Ikapiga kelele, kioo kikawa chekundu, ikakataa hata kutoa namba.

Luc alicheka. Kisha akaweka kiganja chake pale, akaacha kucheka.

Ndipo Jeannette akaliona koti. Alikuwa analiona kila siku, ndiyo maana hakuwahi kuliona. Huku milimani kitu cha thamani hakikai uchi: redio ina kitambaa chake, termosi ina chake. Ukungu wa asubuhi ni baridi kweli, na Mama Geneviève aliionea huruma laptop, akaifumia koti la sufi, la buluu lenye pindo jeupe. Lilikuwa zuri. Lilibana tumbo na mbavu zote, na matundu ya kutolea joto yote yalikuwa chini yake. Mashini ikipata joto kali hujipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue, ndipo picha hukwama.

Roho ilimuuma. Ukiacha kufagia, koti lile ndilo kitu pekee ambacho mama huyu alikuwa amekipa kituo kwa mwaka mzima. Lakini alimwita, akamwambia.

"Mama, hii koti njo inachosha mashini. Inaziba pumuzi."

Geneviève aliinama juu ya laptop. Halafu akaingiza mkono kwenye kapu lake, akatoa makasi, akakata mwenyewe, tundu baada ya tundu.

"Mutoto tunamufunika," alisema polepole, "lakini pua tunaacha wazi. Mimi nilisahau."

Waliinua laptop juu ya matofali mawili, wakaiacha ipoe nusu saa. Homa ikashuka.

"Nani atavaa?" Luc aliuliza.

"Mama Geneviève," Jeannette akasema.

"Huyu muzee? Atatapika!"

"Atavaa yeye."

Geneviève alitaka kukimbia. Jeannette alimshika mabega, akamvalisha, akampa vishikio viwili mikononi. Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Picha hazikukwama. Nje pikipiki ikapiga honi, na Luc, bila kugeuka, akapaza sauti: "Floribert, rudia kesho kutwa!"

Mtoto wa ndani ya kofia alitoka hadi kitovu. Mikono ya Geneviève ikaruka mbele kwa haraka, kisha ikasimama. Ikabaki wazi hewani, inangoja. Ilingoja muda mrefu. Halafu kengele ndogo ikalia kwenye laptop, na sauti ya mtoto ikajaa chumba kizima.

Geneviève alivua casque. Uso ulikuwa umelowa. Hakumtazama Jeannette, wala Luc. Alitazama benchi la mlangoni.

"Murekatete," alisema, "sikuvuta. Umeona? Sikuvuta."