Vazi la Go Sun-deok

Kwa miaka thelathini maji baridi ya kisiwa cha Jeju yalimwingia Go Sun-deok mgongoni. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana na kibyongo, na kila vazi la mpira la kuzamia aliloshonewa lilimwacha wazi kiunoni. Sasa wazamiaji wenzake walikuwa wameshamwambia: akiendelea kutoka majini mapema kwa baridi, atahamishiwa maji mafupi, pamoja na vikongwe.

Alipokwenda kwa fundi mpya, Bu Chang-ho, alisimama wima akabana tumbo, kama wanawake wote wa kijiji wanavyopimwa.

"Mama, huko chini huwa unapiga gwaride?" fundi akauliza.

"Nipime, uache maneno."

"Inama kwanza, kama unabandua kombe la baharini kwenye mwamba."

"Niiname mbele ya mwanamume?"

"Nichukulie mwanao."

"Wanangu wana adabu." Lakini aliinama.

Fundi akapima, akamsimamisha akapima, akamwinamisha tena. "Ukiinama, mgongo unaongezeka sentimita tisa."

Sun-deok alibaki ameinama, mdomo wazi. Miaka yote hiyo alikuwa amevaa nguo ya mwanamke aliyesimama.

Siku ya kwanza ya vazi jipya, alizama mara moja tu akaibuka ametumbua macho, akalidaka boya lake.

"Yang-ja, nitazame mgongo. Kuna joto. Nadhani nimejikata, ni damu."

Yang-ja, wifi yake, akamgeuza, akampapasa. "Hakuna damu, wifi. Ni joto lako mwenyewe. Maji hayaingii."

Sun-deok akavuta pumzi, akazama tena, na siku hiyo alitoka wa mwisho.