Jike la Kwanza

"Weka jembe chini, Mama Erica. Umeshazika," alisema Lameck.

Penina hakuliweka. Aliendelea kushindilia udongo juu ya mbuzi wake, na kila alipopiga aliutukana mtama. Mbuzi wa maziwa hachungwi, hukatiwa majani bandani. Lakini jana, Penina akiwa hospitali ya Mvumi na mjukuu wake Ruthu, kamba ilikatika, mbuzi akaingia shambani akala machipukizi ya mtama uliokwishavunwa. Hayo ni sumu, hata mtoto mdogo wa Kigogo anajua. Mbuzi wa kisasa ndiye hakujua.

Sasa bandani alibaki mwanawe, jike dogo lenye mimba changa. Na huyo hakuwa wa Penina.

Ndivyo lilivyokuwa sharti la shirika lililoleta mbuzi kijijini: hupewi sadaka, wala hudaiwi fedha. Jike la kwanza kuzaliwa unalilea mpaka lishike mimba, halafu unampa jirani uliyemchagua mwenyewe, naye atampa mwingine. Penina alisimama mkutanoni akamtaja Mwamvua, mke wa Masudi, waliohamia kutoka Kondoa. Alimtaja kwa mdomo wake, kisha kwa mdomo huohuo akaongeza, "Ila hawa wa kuja, nani ajuaye kama watakaa?" Watu walicheka. Mwamvua naye alicheka, ila si sana.

"Tumekaa kikao asubuhi hii," alisema Lameck, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi. "Tumempigia na bwana wa shirika. Kasema mbuzi ni wenu, uamuzi ni wenu. Basi tumeamua ubaki na jike, Mwamvua angoje zamu nyingine. Lakini nenda ukamwambie mwenyewe. Habari ya namna hii haitumiwi mtu."

Penina alipata ahueni kubwa hata akaona haya. Ruthu alikuwa mtoto wa kuugua-ugua tangu mama yake, Erica, alipomwacha akaenda kutafuta maisha Bahi. Ni maziwa ya mbuzi kwenye uji wa uwele yaliyoyajaza mashavu yake. Mvua zikianguka jike lingezaa, maziwa yangerudi. Penina akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia.

Alimkuta Mwamvua anafagia mahali palipokwishafagiwa.

"Shikamoo mama! Karibu, karibu. Jamani Ruthu, umekuwa mdada! Masudi yuko korongoni anakata majani. Hebu njoo uone kwanza."

Banda lilikuwa limeinuliwa juu ya nguzo kama shirika linavyotaka, na mbao za sakafu zimeachana kidogo ili kinyesi kidondoke chini. Penina alilikagua kwa jicho la mtu anayetafuta kosa. Angelipata, mzigo ungepungua. Hakulipata. Mbao zenyewe zilikuwa nzuri mno, nene, zimepigwa randa, na moja ilikuwa na tundu la kitasa.

Akageuka kuitazama nyumba. Mlangoni ilining'inia kanga.

"Mwamvua! Mnalalaje?"

"Tunalala tu, mama. Fisi akipita tunamkaribisha." Akacheka. "Mbao siku hizi hazishikiki, na wewe ulishatutaja mbele za watu. Tungefanyaje? Usije ukasema tena wa kuja hawakai."

Maneno aliyoyapanga Penina njia nzima yalitoka yamevurugika. "Mbuzi mama amekufa. Jana. Mtama."

Mwamvua alishika kichwa. "Innalillahi! Sasa huyu mtoto anakunywa nini?"

Hilo ndilo aliloliuliza kwanza. Penina alitamani angeuliza jingine, angegomba, angelia haki yake, ili naye apate pa kukasirikia. Akaeleza uamuzi wa kikundi, macho yakiwa chini.

Mwamvua aliuchukua tena ufagio wake. "Wamesema kweli," alisema. "Baki naye, mama. Mtoto kwanza. Banda halitaoza." Akaanza kufagia tena palepale palipokwishafagiwa.

Penina alirudi na ruhusa mbili, ya kikundi na ya mwenye haki, na bado miguu ilikuwa mizito. Alipofika kwake alisukuma mlango, mkono ukabaki kwenye ubao. Mlango wa kawaida tu, bawaba zinalia. Kila jioni aliufunga bila hata kuufikiria. Watu wale waling'oa wa kwao kwa sababu ya neno moja lililotoka kinywani mwake. Deni la mbuzi kikundi kimemsamehe; neno je, atasamehewa na nani? Aliketi kizingitini akalia kidogo, akamlaani Mwamvua kwa wema wake. Kisha akaenda bandani kufungua kamba.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipofika tena kwa Mwamvua, Ruthu mgongoni, jike likimfuata nyuma. Masudi alikuwa ndiyo kwanza anatua mzigo wa majani.

"Shika," Penina alimwambia Mwamvua.

"Mama, si tulishasema..."

"Shika kabla sijageuza nia. Na usinishukuru. Sikupi kwa moyo mweupe, moyo unaniuma mpaka hapa." Akajigusa koo.

Mwamvua aliipokea kamba kwa mikono miwili. "Akizaa, kikombe cha kwanza ni cha Ruthu."

"Akizaa ndipo tutasema. Leo usiniahidi kitu."

Akaondoka upesi, maana miguu yake aliijua, ingemrudisha. Upepo wa kiangazi ulikuwa unasukuma vumbi njiani. Walipofika mbali kidogo, Ruthu alijipinda mgongoni akatazama walikotoka.

"Bibi! Tumemsahau mbuzi."

"Hatukumsahau."

"Tumemsahau! Turudi!" Na mtoto akaanza kulia, kilio kikubwa cha kupiga miguu, watu wakachungulia kutoka viamboni mwao. Penina hakumbembeleza. Alikaza kanga kifuani, akaendelea kutembea.

"Lia, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Lia na sehemu yangu."