Miaka Miwili ya Kuongeza

Tangu asubuhi, katika ofisi ya shirika la malezi ya watoto, Tatiana alikuwa ameketi na kusimama hata benchi likamchoka. Alikwenda dirishani, akatazama barabara, akarudi, akaketi, akasimama tena. Saa sita kamili orodha ingefungwa. Aliyemo angeendelea kulipiwa shule na chumba hadi atimize miaka ishirini na mmoja. Asiyemo, dunia ni pana, ajitafutie.

Sheria ya shirika ilikuwa fupi: uwe umelelewa katika familia ya malezi, uwe bado unasoma, uombe kabla ya kutimiza miaka kumi na tisa. Tatiana alikuwa na yote matatu. Alilelewa katika mtaa wa Cimpunda, kwa Maman Godelive, tangu akiwa wa miaka sita. Shule ya uuguzi ilibaki mwaka mmoja tu. Na umri wake ulikuwa kumi na minane. Ila kadi yake ya uchaguzi ilisema ishirini.

Mjini Bukavu kadi hiyo ndiyo uso wa mtu. Bila hiyo hupati laini ya simu, wala hupiti kizuizi cha polisi bila maneno. Ndiyo maana uandikishaji wa wapiga kura ukifika, watoto wa mtaa mzima hukua kwa siku moja. Asiye na karatasi ya kuzaliwa huja na mtu wa kushuhudia umri wake. Miaka miwili iliyopita Tatiana naye alikua hivyo: aliingia kwenye foleni na miaka kumi na sita, akatoka na kumi na minane.

Maman Élodie, mhudumu wa jamii, alifungua dosiye, faili la Tatiana, kwa mara ya tatu.

"Fomu yetu ya zamani inasema ulifika na 'kama miaka sita'. Ile 'kama' haiko na siku wala mwezi, haiwezi kushinda karte ya uchaguzi. Inapashwa mwenye alishuhudia akuje aseme alidanganya. Ni nani?"

"Batu balikuwa bengi, Maman. Sikumbuke."

"Mifupa ya mwili yote unaikumbuka, mia mbili na sita, lakini mutu moja hapana?"

Tatiana akatazama saa ya ukutani. Jina lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki sambaza. Mlezi aliyemwandikishia mtoto uongo huondolewa kwenye orodha ya walezi, na nyumbani kwa Maman Godelive alikuwamo Sagesse, mtoto mwingine wa malezi, msichana wa miaka minne, asiyekubali kulala mpaka ashike sikio la mama huyo. Wangemhamishia kwa watu wengine. Basi Tatiana akasimama tena, akarudi dirishani.

Saa tano na nusu mlango ulifunguka. Maman Godelive aliingia akihema, matope ya mteremko yamempanda hadi kwenye ukingo wa kitenge.

"Jambo, Maman Élodie. Mushuhuda ni miye."

"Maman, rudia ku nyumba," Tatiana akasema.

"Nyamaza. Jana nilikuuliza dosiye iko namna gani, ukajibu 'iko sawa' na bugali mu mukono, hauli. Weye ukishindwa kula, najua kuko kitu."

Maman Élodie aliweka kalamu chini. "Ukisema ile, Maman, ninapashwa kuiandika. Sheria juu ya Sagesse unaijua."

"Naijua. Siku mulitusomea, miye njo nilianzisha wimbo wa kufunga mukutano." Akaketi bila kukaribishwa. "Polisi balimusimamisha mara mbili, mutoto hana hata karatasi moja yenye sura yake. Nikainua mukono mbele ya mwandikishaji, nikasema nilimuona akizaliwa. Nikaongeza miaka mbili tu. Nilizani namupa, kumbe namunyanganya."

"Basi naondosha dosiye yangu," Tatiana akasema, mkono wake tayari juu ya karatasi. "Sitaki tena."

Maman Godelive aliushika mkono ule, akauondoa mezani polepole, kama mtu anayemwondoa mtoto kwenye jiko.

"Sagesse atalia, na miye nitalia. Lakini Sagesse banaweza kunirudishia siku moja. Weye, saa sita ikipita, nani atakurudisha? Andika, Maman Élodie."

Maman Élodie aliandika karatasi mbili. Ya kwanza ilisema Tatiana ana miaka kumi na minane na anastahili kulipiwa hadi ishirini na mmoja. Ya pili ilisema Godelive amesimamishwa ulezi mpaka kamati itakapoketi. Karatasi ya kwanza aliipiga muhuri. Kwa ya pili mkono wake ulikawia kidogo, kisha muhuri ukaigonga.

"Gari ya kumubeba Sagesse itafika kwenu saa tisa," alisema bila kuinua macho.

Nje, mvua ilikuwa imeanza tena. Tatiana alipanda mlima kwa haraka, akatangulia, akarudi nyuma, akatangulia tena. Hasira ilimjaa na hakujua amwelekezee nani.

"Enda pole," Maman Godelive akasema nyuma yake. "Gari haitakuya mbele ya saa tisa."

"Utamuambia Sagesse nini?"

"Nitamuambia anaenda kutembea kwa batu. Uongo moja tena, nilishazoea."

Tatiana hakucheka. Aliongeza hatua, akaruka mifereji, akawapita wabeba maji. Asubuhi alikuwa amemwacha Sagesse na uji kifuani na nywele hazijasukwa, na saa tatu zilizobaki hazikutosha kusuka kichwa kizima.