Funga ya Hamida

"Mama Hamida, hivi mwanao anafunga ya nini?"

Mauwa, jirani yangu muuza mkaa, aliniuliza hivyo nikiwa naepua vitumbua. Nikamjibu bila kugeuka: "Sunna. Jumatatu na Alhamisi. Kuna ubaya?"

"Ubaya utoke wapi, shoga. Ila jana ilikuwa Jumanne, na kaniambia kafunga."

Akachukua vinne, akalipa, akaenda zake. Mie nikabaki na ile Jumanne.

Tangu baba yake afariki, Hamida nimemlea kwa vitumbua na dua. Alipopata kazi ya kuuza mapazia Mwenge nilishukuru. Alipoanza na kufunga, nikamsifia mbele ya akina mama wa darasani, hapa msikitini kwetu Chamazi. Sikujiuliza mbona haamki kula daku. Nilisema ujana una nguvu.

Sasa nikaanza kumtazama. Sketi ya kazini kaibana kwa pini kiunoni. Magharibi akifika, kiporo cha mchana anakila kwa kusimama, kabla hata sijatenga futari.

Jumatano iliyofuata, alfajiri, nikamgongea mlango. "Hamida, sala."

"Mama, mie sisali."

Nikaelewa yumo kwenye siku zake, nikamwacha. Kesho yake nikamtilia chai. Yeye anafunga viatu, wala hakuinua kichwa. "Usinimiminie, nimefunga."

Nikaweka birika chini. Mwenye siku zake hafungi, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Mkono wake ukaganda kwenye kamba ya kiatu.

"Umefunga nini, Hamida?"

"Mama, gari litaniacha."

"Likuache. Kaa."

Akakaa. Mie niliishia darasa la saba, lakini hesabu ya unga na mafuta sijawahi kuikosea. Nikamwambia anitajie mshahara. Laki mbili na arobaini. Nauli, kwenda Rangi Tatu kisha Mwenge na kurudi, elfu themanini na tatu kwa mwezi. Sitini ananiletea mie. Kumi na tano bando, maana kazi zinatumwa kwenye grupu.

"Na michango sabini," akasema.

"Sabini? Unaoa?"

Akataka kucheka, akajizuia. "Ishirini na tano ilikuwa harusi ya mtu wa stoo na kipaimara cha mtoto wa dereva. Arobaini na tano ni sare ya kitchen party ya Madam Herieth, msimamizi wetu. Inatakiwa leo."

Nikatoa, nikatoa tena. Zilibaki elfu kumi na mbili. Siku za kazi ishirini na sita.

"Na chakula cha mchana?"

Akaishika tena kamba ya kiatu.

"Kwa hiyo umekuwa unashinda njaa, mie nakusifia kwa watu."

"Sikukuambia unisifie, Mama. Ukisema umefunga, kazini hawakuulizi. Wanakuheshimu hata."

Neno hilo liliniingia vibaya. Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Nikachukua kontena, nikatia wali wa jana na maharage, juu vitumbua viwili.

"Beba hiki."

"Wanaobeba chakula wanawaita wanafunzi wa bweni."

"Wanafunzi wa bweni wanakula."

"Mama, mkataba wangu wa majaribio unakwisha mwisho wa mwezi. Madam ndiye anaandika nani abaki. Kwenye grupu kuna orodha, kila aliyelipa jina lake lina tiki. Tumebaki wawili, na mwenzangu analipa leo."

Niliogopa. Kazi ile tuliiomba miezi minane. Nikamwambia, "Basi ile sitini ya nyumbani mwezi huu usilete."

"Na kodi?"

"Kodi nitajua mie."

"Utaitoa kwenye mtaji wa vitumbua. Ndiyo maana sikukuambia."

Ndivyo ilivyokuwa. Nje Mauwa alikuwa anapakua mkaa, na gari la kwanza lilishapita. Nikasema, "Mie sikuchagulii. Lakini usimtaje Mungu tena kwenye njaa ya sare."

Kisha akatoa simu, akaandika polepole. Sikujificha, nilisoma begani kwake: *Madam shikamoo. Mchango wa sare sitauweza. Nitakuja kusaidia kupika.* Kidole kikakaa juu ya ile alama ya kutuma, kikaondoka, kikarudi. Akatuma.

Hazikupita dakika mbili simu ikalia. Ikalia tena, na tena, ujumbe juu ya ujumbe. Hakuifungua. Midomo yangu ilikuwa inaomba dua ambayo sijui niliianzia wapi.

Akamaliza kufunga kiatu kile kimoja. Akaitia simu kwenye mkoba, ingali inalia, akachukua kontena lake la wali, akatoka.